Shati la Bomba la Moshi

"Sahihi yangu hamuipati."

Baudilia Huenchur aliyatamka maneno hayo akiwa amesimama katikati ya jikoni mwake mlimoungua, mikono ameikunja kifuani, na karatasi ya mwendesha mashtaka iko mezani mbele yake. Juu ya kichwa chake dari ilikuwa na tundu jeusi, na ndani ya tundu hilo anga ya kisiwa ilionekana, ya kijivu, ikinyunyiza mvua nyembamba moja kwa moja juu ya jiko la chuma.

Inspekta Amadora Triviño alivua kofia, akaipangusa maji, akaitundika kwenye msumari kama mtu aliyekuja kukaa.

Kadhia yenyewe ilikuwa fupi. Mzee Rudecindo Barría, baba wa hayati mume wa Baudilia, alikutwa kitandani amekufa asubuhi ya Jumanne, chumba kimejaa moshi na mbao za dari zimeteketea kulizunguka bomba. Nyumba ile haikupata kuwa na dohani tangu kujengwa. Wazee waliota moto wa wazi katikati ya sakafu, na moshi ukatafuta njia yake wenyewe kupitia vigae vya mbao. Aliyeingiza jiko la chuma na bomba lake alikuwa Baudilia, kwa mikono yake mwenyewe, majira mawili ya baridi yaliyopita. Kwa hiyo zimamoto walipoandika kwamba bomba lilifungwa vibaya, hapakuwa na haja ya kuuliza nani alilifunga. Akikiri uzembe, angefungwa kifungo cha nje. Asipokiri, Koplo Levicán alikuwa na amri ya kumpandisha boti ya adhuhuri.

"Tia sahihi, shemeji," alisema Sofanor Barría, mwana mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameegemea mlango. Alikuwa mpasuaji wa vigae vya mbao, mpana wa mabega, na sauti yake ilizoea kuamrisha maksai. "Hakuna anayesema ulikusudia. Baba ameshazikwa. Tia sahihi, tuishi kwa amani."

"Amani ya nani?"

"Ya ukoo."

"Ukoo ulinicheka nilipolileta jiko hili. Wewe ulisema nataka kuwapika baba yako na paka wangu kwa pamoja. Umesahau?"

"Sijasahau. Na tazama sasa."

Koplo Levicán alikohoa. Inspekta akavuta kiti, akaketi, akamwelekea mwanamke.

"Nieleze ulivyolifunga. Anzia sakafuni."

"Nimeshawaeleza wote."

"Mimi hujanieleza."

Baudilia akaja mbele, akapiga kisigino chini.

"Sakafu ni ya mbao, kwa hiyo nililaza matofali, juu ya matofali bati, na bati limetokeza mbele ya mlango wa jiko ili kaa likiruka liangukie chuma. Kutoka jiko hadi ukuta ni mkono mzima, pima wako au wangu. Ukuta nao nimeuvisha bati, na nyuma ya bati nimeacha nafasi hewa ipite. Chini ya dirisha pale nimetoboa tundu la hewa, kwa sababu jiko lisipopewa hewa ya nje litavuta iliyo mapafuni mwetu. Bomba limekwenda juu wima, halina kona hata moja. Likipita darini limevaa shati."

"Shati?"

"Bomba pana la nje. La ndani likiwaka, la nje linabaki vuguvugu, na mbao haziguswi. Nililifunga kwa skrubu nne kwenye kola, hilo bati la mviringo unaloliona darini. Tundu la nne lilikwenda upande, keekee ya kutobolea iliniteleza. Halafu bomba likatoka nje, likapita mgongo wa paa, likavaa kofia. Kuni zangu ni kavu. Nalifagia kila baridi inapoingia na inapokaribia kwisha. Na miaka yote miwili halikutoa machozi."

"Machozi?"

"Lami. Moshi ukipoa ndani ya bomba unageuka lami. Ukiunganisha vipande vizuri, lami inarudi motoni, inaungua. Ukiunganisha vibaya inavuja nje."

Sofanor alicheka kwa pua. "Profesa wa mabomba."

Inspekta akageuka kwake pole pole. "Wewe, Bwana Sofanor, unajua jinsi vipande vinavyounganishwa?"

"Mtoto gani hajui? Cha juu kinafunika cha chini, kama vigae vya paa. Mvua inateleza, haiingii. Nimefunika nusu ya nyumba za kisiwa hiki, na hakuna aliyewahi kulala na ndoo."

"Ahsante," alisema inspekta, akainuka. "Koplo, ngazi iko wapi?"

*

Dari ilinuka mbao zilizoungua na sufu iliyoloa. Koplo Levicán, ambaye tumbo lake halikuumbwa kwa ajili ya vipenyo, alibaki na kiwiliwili nusu ndani nusu nje ya mlango wa dari, akishika tochi.

"Unaliona shati, Koplo?"

"Sioni shati, Bibi Inspekta. Naona bomba limekaa uchi."

Ndivyo lilivyokuwa. Bomba jembamba lilipanda kutoka sakafu ya dari hadi paani bila ya kitu cha kulisitiri. Zimamoto walikuwa wameliona hivyo hivyo, wakahukumu kwamba halikuwahi kuvishwa chochote. Inspekta alipiga magoti kwenye mbao ambazo moto haukuzimaliza, akakaribisha uso.

Kiungo cha vipande viwili kilikuwa pale pale darini. Cha juu kilikuwa kimekivaa cha chini kama kofia, na kutoka katika ukingo wake michirizi myeusi, minene, imeteremka upande wa nje wa bomba hadi kwenye kola, ikatuama, ikamwagikia mbao. Hapo ndipo moto ulipoanzia; mbao zilikuwa zimeliwa na kuwa makaa kwa umbo la kidimbwi.

"Cha juu kimefunika cha chini," alisema Koplo.

"Kama vigae vya paa. Mulika kola."

Bati la kola lilikuwa jeusi kwa masizi, ila palikuwa na duara jembamba lililong'aa chini ya weusi, mfano wa alama ya sufuria juu ya meza. Katika duara hilo palikuwa na matundu manne ya skrubu, na la nne lilikuwa limekwenda upande. Inspekta alipitisha ukucha juu ya duara. Lami ilikuwa imelikanyaga, imelivuka, imeingia hata ndani ya matundu.

"Unaona nini?"

"Uchafu."

"Tazama kwa utaratibu. Kitu cha mviringo kilikaa hapa muda mrefu, kikalikinga bati lisichafuke. Kwa hiyo shati lilikuwapo. Lami imepita juu ya alama yake. Kwa hiyo lami ilipoanza kuvuja, shati lilikuwa limeshaondoka. Halikuunguzwa na moto, wala halikuondolewa baada ya moto."

Koplo alitafakari, na ngazi ikalia chini yake. "Lakini mama huyu hakuona? Mtu hukosa kuona shati limepotea?"

"Ukiwa chini unaona kola tu, na kola iko mahali pake. Fungua skrubu zinazoishika kwenye mbao, tunaichukua kola."

Waliposhuka, inspekta alikwenda moja kwa moja kwenye tundu la hewa chini ya dirisha. Akaingiza vidole, akavuta. Ilitoka sufu, furushi zima limeshindiliwa.

Sofanor alisimama wima. "Haya! Ameliziba tundu lake mwenyewe. Kumbe baba alikosa hewa."

"Muongo!" Baudilia alifoka. "Nani ameweka hiyo?"

Inspekta aliifumua sufu mbele ya dirisha. Ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka kwa kondoo, ilhali ukuta, dirisha na kingo za tundu vilikuwa vimepakwa masizi.

"Chumba kizima kilijaa moshi, na sufu hii haina hata doa. Imewekwa baada ya moto. Nani alikuwa humu baada ya moto?"

"Matanga yalikuwa hapa," alisema Koplo. "Kila mtu alikuwa humu."

*

Aliyeiweka sufu alipatikana upesi, kwani alikuwa dirishani kwa nje, akisikiliza. Bibi Clorinda Ñancupel, jirani, mwanamke mkongwe mwenye shali mbili na masikio mazuri, alikiri kabla ya kuulizwa.

"Mimi, mwanangu, mimi. Upepo ulikuwa ukipiga mluzi pale tunduni wakati wa sala za maiti, nikaona aibu. Marehemu analiliwa, ukuta unapiga mluzi! Nikachana sufu yangu nikaziba. Nimetenda dhambi?"

"Hapana, bibi. Nikaribishe kwako, nimelowa."

Nyumbani kwa Clorinda alimiminiwa kinywaji cha moto cha majani, akapewa mkate wa viazi uliochuruzika mafuta. Inspekta alikula chote alichopewa kabla ya kufungua mdomo kwa la kazi, na bibi akaridhika.

"Koplo ananiambia nyumba ya Baudilia ilihamishwa. Ilikuwa wapi mwanzo?"

"Kule chini, karibu na maji. Ardhi ilianza kumomonyoka, tukaihamisha, miezi miwili sasa. Tuliikokota yote nzima kwa maksai, mwanangu, hata mapazia yalibaki madirishani. Ungeliona! Sofanor ndiye aliyeongoza. Ana kinywa kichafu kwa maksai, lakini wanamtii."

"Na bomba?"

"Bomba lilishushwa kwanza, si lingevunjika? Baudilia alilishusha mwenyewe, akalilaza nyasini kipande kwa kipande."

"Akalirudisha yeye?"

Bibi Clorinda alishika bilauri yake kwa mikono miwili. "Alikuwa kwenye shimo la kupikia, anapika. Mwenye nyumba ndiye anayewalisha watu, na watu walikuwa wengi, na viazi na nyama na kome wa baharini vyote viko chini ya majani ya moto. Hawezi kuacha."

"Kwa hiyo nani alilirudisha?"

"Sisi sote."

"Sote nani?"

"Sote. Ujima ni ujima, Inspekta. Hapa kwetu hatuketi kula mpaka nyumba imetoa moshi mahali pake papya. Maksai wamefunguliwa, chakula kinanukia, watu wana njaa. Bomba likasimamishwa chapu chapu, moto ukawashwa, moshi ukatoka, tukapiga makofi, tukakaa. Hatutajani majina. Hashukuriwi mtu peke yake wala halaumiwi mtu peke yake. Ndivyo ilivyo tangu mababu."

"Na sasa analaumiwa mtu peke yake."

Mvua ilisikika juu ya vigae.

"Sitakuuliza nani alisimamisha bomba," alisema inspekta. "Nakuuliza jambo dogo. Bomba lililotumika lina masizi. Baada ya makofi, nani alikuja kuketi na mikono myeusi?"

Uso wa kikongwe ukabadilika, si kwa hofu, bali kwa kinyongo cha zamani kilichofukuliwa.

"Huyo Sofanor! Alinijia hapa na mikono kama mkaa, akajifutia kitambaa changu. Kile, kile cha maua, nilichopewa siku ya harusi yangu! Nimekichemsha, nimekianika, nimekitia limau, mpaka leo kina vidole vyake. Nikamwambia, wee bwana, nyumbani kwenu hamna nyasi za kufutia? Akacheka." Akasita, bilauri ikatua mezani. "Mungu wangu."

"Kitambaa kiko wapi?"

Kililetwa. Vidole vilikuwapo, vyote vitano.

"Bibi, mtu akiwa na bomba pana lililobaki, hapa kijijini angelifanyia nini?"

"Angelitia kwenye kibanda cha kukaushia kome kwa moshi. Kila mwenye kibanda analia kwamba moshi hautoki." Alimtazama inspekta kwa macho yaliyokwisha kuelewa. "Na cha Sofanor siku hizi kinatoa moshi vizuri sana."

*

Kibanda kilikuwa nyuma ya ghala la Sofanor, kimejengwa kwa mabanzi, na ndani yake kome waliotungwa kwa kamba walining'inia kama shanga za mtu asiyejua kuchagua. Paani palitokeza bomba fupi, pana, lililokandikwa udongo kutoka juu hadi chini.

Sofanor alikuja mbio kutoka kwenye magogo yake, shoka mkononi, akaliacha lianguke alipomwona Koplo.

"Huko ndani ni chakula cha watu. Mtaharibu."

"Udongo huu ni wa nini?" aliuliza inspekta.

"Kuzuia kutu."

"Kibanda chako kingine kile kina bomba la kutu tupu, hukulikandika."

"Nitalikandika. Unanifundisha kazi yangu?"

Inspekta alipanda juu ya gogo, akalowesha leso yake kwa maji ya mvua, akaanza kufuta mguu wa bomba. Udongo ulikuwa haujakauka sawasawa. Uliondoka kwa mabonge. Likatokea tundu la skrubu. Akafuta. La pili. La tatu. La nne lilikuwa limekwenda upande. Akanyoosha mkono nyuma, na Koplo akampa ile kola kutoka darini. Akaiweka kwenye mguu wa bomba, akaizungusha kidogo, na matundu manne yakatazamana na matundu manne.

"Haya," alisema.

Sofanor alitazama kola, kisha mikono yake.

"Bomba ni bomba," alisema. "Yako mengi."

"Keekee iliyoteleza mara moja, kwa pembe hii hii, katika mabati mawili?"

"Nimeliokota. Lilikuwa nyasini, limebaki. Tulikuwa sote pale."

"Nilikuuliza asubuhi jinsi vipande vinavyounganishwa. Ulijibu kwa ufundi wa paa, na bomba la marehemu limefungwa kwa ufundi wa paa. Bomba si paa, Bwana Sofanor. Paa linafukuza maji yaliyo nje. Bomba linatakiwa kuzuia uchafu ulio ndani, kwa hiyo cha juu huingia ndani ya cha chini. Shemeji yako alijua hayo. Aliyelifunga siku ya ujima hakujua. Kitambaa hiki cha Bibi Clorinda kina mkono wako. Ukitaka, uweke hapa tulinganishe."

Alikitoa kitambaa cha maua, akakitandaza juu ya gogo. Sofanor hakuweka mkono.

"Nilidhani ni la ziada," alisema hatimaye. Sauti ya kuamrisha maksai ilikuwa imemtoka. "Baba aliishi katika moshi tangu kuzaliwa kwake, hakufa. Nani alijua bomba linataka kuvaa bomba? Nilimaliza kulifunga, likabaki lile pana, nikasema mwanamke huyu kwa mbwembwe zake, nikalichukua."

"Hilo ni kosa. Watu hukosea. Udongo uliukandika lini?"

Sofanor alilisogeza bonge la udongo kwa mguu.

"Udongo bado haujakauka ndani. Uliukandika baada ya maziko. Ulipomwona baba yako juu ya ubao wa maiti ulijua shati liko wapi. Kisha ukaenda jikoni kwa Baudilia ukamwambia atie sahihi."

"Angepata kifungo cha nje tu," Sofanor alisema. "Mimi nina watoto."

"Na yeye ana jina," alisema inspekta, akashuka kwenye gogo. "Koplo, lishushe bomba. Kome waachie mkewe."

*

Boti ya adhuhuri ilipofunga gatini, kijiji kilikuwa kimesimama kwa ukamilifu wake, kama kilivyosimama siku ya maksai. Walikuja kumtazama Baudilia akiondoka. Wakamwona Sofanor akiteremka kati ya Koplo na inspekta, bomba pana limefungwa kwa gunia chini ya kwapa la Koplo. Mnong'ono ukapita, kisha sauti moja ya kiume ikatoka nyuma:

"Inspekta, tulikuwa sote pale! Kama ni kumchukua, tuchukue sote!"

"Kweli!" wakaitikia wengine. "Sote!"

Baudilia alipenya katikati yao. Mkononi alikuwa na karatasi ya mwendesha mashtaka, nyeupe kama ilivyoletwa. Akampa inspekta, kisha akawageukia.

"Sote," alisema. "Neno zuri. Juzi matangani mliponitenga kando ya maiti, sote ilikuwa wapi? Mlijua sikuwa darini. Nilikuwa shimoni nawatolea viazi, mikono imeniungua, na kila mmoja wenu alinipokea sahani. Walipoandika kwamba mimi ndiye niliyelifunga bomba, hakuna aliyefungua kinywa."

"Hatutaji majina katika ujima, Baudilia," mzee mmoja alisema kwa upole. "Unajua desturi."

"Desturi niliifuata. Niliwaamini, nikaitazama kola, nikasema watu walioikokota nyumba yangu hawawezi kuniibia. Nikamwashia baba mkwe moto, nikamfunika, nikamwambia lala, leo hutakohoa." Akainua kidevu. "Mlitaka niondoke kisiwani nimeinamisha kichwa. Siendi popote. Nyumba ile haitarudi kwenye moto wa sakafuni, na mimi sitarudi kwa wazazi wangu. Nitanunua shati jipya. Kukikauka napanda paani, nalifunga bomba upya. Anayetaka kunisaidia aje. Lakini aje na jina lake, alitaje langoni, na aniambie anashika nini."

Mpiga kengele wa boti alimtazama inspekta, inspekta akaashiria angoje. Sofanor, mguu mmoja umeshaingia botini, alikuwa ameinamia maji.

Umati ukatikisika. Shali mbili zikajitokeza, na ndani yake Bibi Clorinda, akimsukuma kwa kiwiko mzee wa desturi aliyemzuilia njia.

"Clorinda Ñancupel," alisema kwa sauti iliyofika hata mwisho wa gati. "Paani sipandi, magoti hayataki. Ngazi naishika mimi."